Karatasi ya Mtu Aliyekamatwa

Mtu akikamatwa na polisi hutokea mambo mawili kwa wakati mmoja. Mwili wake huingia chumba cha mahabusu, na jina lake huingia kitabuni. Mwili hutoka, kama si leo kesho, na kama si kesho ni baada ya miaka, kwa amri ya mahakama. Jina halitoki. Swali ninalotaka kulipima katika kurasa hizi ni la jina hilo lililobaki. Je, ni mali ya mtu mwenyewe, au ya serikali iliyoliandika, au ya umma ambao serikali husema kuwa inaandika kwa niaba yake? Na mtu ajapo dirishani kuomba aonyeshwe ukurasa huo, ana haki ya kujibiwa nini?

Swali hili sikulipata vitabuni. Nililetewa na mzee mmoja wa Kwakoa.

Kwakoa iko mashariki ya milima ya Upare ya Kaskazini, katika wilaya ya Mwanga, nchi tambarare iliyo kavu na inayoelekea mpaka wa Kenya. Mvua hunyesha juu, Usangi na Ugweno. Huku chini aghalabu hufika habari zake tu. Watu hufuga, na penye mifugo hapakosi ugomvi wa mifugo. Zamani, mzee huyu alipokuwa na nguvu za kushinda na ng'ombe porini, alikamatwa kwa kushukiwa kuwa ameficha ng'ombe wawili wa jirani yake. Alilala mahabusu siku mbili. Siku ya tatu ng'ombe wakaonekana wakichunga peke yao mbali na zizi la mtu yeyote. Jirani akaona haya, na mzee akafunguliwa mlango. Hakupelekwa mahakamani. Hapakuwa na shtaka, na kwa kuwa hapakuwa na shtaka hapakuwa na hukumu.

Hapo ndipo palipo na uzito wa jambo lenyewe. Mtu aliyeshtakiwa akashinda ana hukumu ya kuonyesha. Aliyeachiwa bila ya kushtakiwa hana cha kuonyesha ila kumbukumbu za majirani, na majirani walimwona akipitishwa gulioni mchana ametiwa pingu. Alirudi usiku, kwa miguu, na hakuna aliyemwona akirudi.

Miaka mingi ikapita. Juzi juzi jina lake likapendekezwa katika mkutano wa kijiji awe mtunza fedha wa kamati ya maji. Sauti ikatoka nyuma: "Tumpe mwizi wa ng'ombe ufunguo wa sanduku?" Watu wakacheka, na mzee akaketi. Nilipokwenda huko kuwaona jamaa zangu alinijia jioni, akapokea shikamoo yangu, akakaa kitambo kabla ya kusema: "Mwanangu, wewe umesoma. Twende ukaniombee karatasi yangu."

Alisema "karatasi yangu", na neno hilo sijalisahau.

Kituo tulichokwenda sitakitaja, wala hakina haja ya kutajwa. Askari wa zamu alikuwa kijana mwenye adabu. Alimwamkia mzee kwa heshima na akamtafutia kiti. Walakini jibu lake lilikuwa fupi. "Mzee wangu, kitabu ni cha serikali. Na habari za mahabusu hatumpi mtu ovyo, maana ni siri ya mhusika."

"Mhusika ndiye mimi," mzee akasema.

"Naam, mzee. Lakini ni siri."

Msomaji asicheke upesi. Kijana yule hakuwa mkorofi, wala hakunyoosha mkono kutaka chochote. Aliamini kwa moyo safi kuwa anamlinda mzee. Siri ile alikuwa amefundishwa kuilinda, na hakufundishwa kuwa siri ina mwenyewe, na kuwa mwenyewe akija kuidai, anayeikataa si mlinzi tena.

Nikitazama sheria za nchi yetu, sioni kuwa zimenyamaza. Katiba, katika ibara ya 18, inampa kila mtu haki ya kutafuta na kupata habari. Katika ibara ya 16 inamlinda katika faragha yake. Na katika ibara ya 13 inakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mkosa kabla ya kuthibitika kuwa ni mkosa. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inamruhusu raia kuomba habari zilizo mikononi mwa mamlaka za umma, na inazitaka zimjibu ndani ya siku 30. Ingawa inazuia habari ambazo kutolewa kwake kungeharibu upelelezi au kungeingilia faragha ya mtu bila ya sababu ya haki. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa mtu nafasi ya kujua ni nini kimewekwa juu yake. Njia basi ipo. Ila ni njia iliyopimwa kwa hatua za mtu ajuaye kuandika barua, kuhesabu siku na kukata rufani, na mzee wangu alikuwa na fimbo na nauli ya kwenda na kurudi.

Lakini sheria hainiridhishi kama jibu, kwa kuwa sheria hutuambia kinachoruhusiwa, na mimi nauliza kilicho haki.

Tuanze na chanzo. Kwa nini polisi huandika jina la mtu waliyemkamata? Wengi hudhani ni kwa ajili ya kumtia alama. Nami nadhani sivyo, au angalau si hivyo kwanza. Kitabu cha kituo ni ngao kabla ya kuwa doa. Mtu aliyeandikwa siku na saa ya kuingia hawezi kupotea kwa wepesi; mkewe akija kuuliza, ukurasa utamjibu; na sheria isemapo kuwa afikishwe mbele ya mahakama ndani ya saa 24, au mapema iwezekanavyo baada ya hapo, saa hizo haziwezi kuhesabiwa pasipo mwandiko wa saa ya kwanza. Afrika Mashariki imelijua jambo hili kwa uchungu. Huko Uganda, katika utawala wa Idi Amin wa mwaka 1971 hadi 1979, watu waliingizwa katika nyumba ya usalama ya Nakasero na jamaa zao hawakuwa na mahali pa kuuliza. Nairobi, katika miaka ya 1980, kulikuwa na vyumba vya chini vya Nyayo House ambamo watu waliteswa, hali familia zao hazijui waliko. Nasi Tanzania tulikuwa na sheria ya mwaka 1962 iliyoruhusu mtu kuwekwa kizuizini pasipo kufikishwa mahakamani. Kukamatwa kwa siri ni kwa kutisha kuliko kukamatwa kwa dhuluma, maana aliyedhulumiwa hadharani yuko mahali fulani, anaweza kufuatwa.

Kwa hoja hii ingefaa niseme: basi vitabu vyote viwe wazi, kila mtu asome. Ndivyo wafanyavyo katika sehemu kubwa ya Marekani. Huko mkaazi wa mji aweza kuiandikia idara ya polisi akaomba taarifa ya tukio au orodha ya waliokamatwa, na asieleze hata sababu ya kuitaka. Kuna fahari katika hilo, na mimi huistahi. Lakini tazama matunda yake. Yalizuka makampuni yaliyokusanya picha za watu waliokamatwa, yakazitangaza katika intaneti, kisha yakawatoza watu hao hao fedha ili yaziondoe, pamoja na wale ambao hawakupatikana na hatia yoyote. Majimbo kadhaa, Georgia mojawapo mwaka 2013, yalilazimika kutunga sheria za kuizuia biashara hiyo. Ngao iligeuzwa ikawa mtego, na aliyeutega alisema kweli tupu: mtu huyu alikamatwa. Hakusema uongo hata neno moja.

Nikaja kuliona jambo hilo karibu zaidi. Habari za safari yetu zilipoenea, mama mmoja wa kijiji cha jirani alinijia naye ana ombi. Binti yake amechumbiwa na kijana aliyekuwa akifanya kazi mjini, na mama amesikia kuwa kijana aliwahi kulala kituoni kwa ugomvi wa kumpiga mwanamke. "Nami niombee karatasi," akasema. "Ya kwake."

Ombi la mzee lilikuwa jepesi kwa dhamiri yangu. Hili lilinikosesha usingizi. Mama hakuwa mbeya. Hofu yake ilikuwa ya kweli, na kama kijana ni mpigaji, binti ndiye atakayelipa gharama ya faragha ya mtu mwingine. Ni rahisi kwa sisi wasomi kuitukuza siri wakati si binti zetu wanaochumbiwa. Hata hivyo nilimkatalia. Nilimwambia kuwa kama kijana alihukumiwa, hukumu ilitolewa katika mahakama ya wazi, na huko nitamsindikiza tukaulize. Kama hakuhukumiwa, kitabu cha polisi kingetuambia jambo moja tu, nalo ni kuwa siku fulani askari fulani alimshuku. Na shuku ya askari si habari ya kijana, ni habari ya askari. Aende kwa majirani wa kijana mjini, aulize. Mama aliondoka hakuridhika, na mpaka leo sina yakini kuwa nilitenda sawa.

Katika kumjibu yeye ndipo nilipojijibu mwenyewe, kwa kadiri nilivyojibika. Ukurasa wa kitabu cha kituo una nyuso mbili. Uso mmoja unamtazama aliyekamatwa: jina lake, ukoo wake, aibu yake. Uso wa pili unamtazama aliyekamata: alimkamata lini, kwa sababu gani, alimweka muda gani, alimwachia kwa nini. Umma una haki kamili ya uso wa pili, kwa maana nguvu iliyotumika ni nguvu yake, imekopeshwa tu. Haki ya uso wa kwanza ni ya mwenye jina, na yeye sharti apewe wote wawili, asiulizwe anakwenda kuzifanyia nini. Makosa yetu ni kuwa tumegeuza mambo. Jina la mtu hutangazwa na mdomo wa gulio, tena bure. Na kile ambacho kingepaswa kujulikana na wote, yaani idadi ya watu walioingia kituo fulani mwaka fulani na idadi ya walioachiwa bila ya shtaka, kimefungwa kabatini kwa jina la kuwalinda wao. Siri ya namna hii haimfichi mzee wa Kwakoa, kwa kuwa alikwisha kuonwa. Humficha aliyemweka siku mbili.

Yuko atakayeniambia kuwa wakati huponya, na kuwa karatasi kuukuu ziachwe zilale. Lakini Upare ina ushahidi mwingine. Mwaka 1945 maelfu ya Wapare waliteremka kutoka milimani wakapiga kambi Same, makao makuu ya wilaya, kuikataa kodi ya kukadiriwa iliyoitwa mbiru. Na mwaka uliofuata wanawake wa Usangi nao wakasimama. Kwa jicho la serikali ya kikoloni watu wale walikuwa wavunja amani. Hatimaye kodi ikaondolewa. Mwaka 1971 Profesa Isaria Kimambo alitoa kijitabu juu ya habari hizo, akiwa ametumia nyaraka za serikali pamoja na masimulizi ya wazee, na leo mjukuu wa mtu aliyeandikwa mkaidi hulitafuta jina la babu yake kwa fahari. Kama karatasi zile zingechomwa ili kumsitiri babu, ingepotea pia hoja yake. Ndiyo sababu siwezi kukubaliana na wanaotaka kila doa lifutwe. Mwandiko wenye kasoro huponywa kwa kuandikwa ulichosahau, kuuchana hakuuponyi.

Nao mwandiko wa mzee ulikuwa na kasoro ya namna hiyo. Tulikwenda mara tatu. Mara ya tatu tulipeleka barua ya mtendaji wa kijiji, na mkuu wa kituo, mtu wa makamo aliyechoka, aliagiza kitabu cha zamani kikatafutwe. Kilipatikana chini ya matairi ya pikipiki, pembe zimeliwa na mchwa. Tukapewa nakala yenye muhuri: jina, siku ya kuingia, sababu ya kukamatwa, siku ya kutoka. Palipopasa kuandikwa sababu ya kutoka palikuwa patupu. Askari wa siku ile hakuona haja.

Mzee aliishika karatasi kwa mikono miwili. Hajui kusoma sana, lakini mahali patupu alipaona. Tulipofika kwenye kituo cha basi akanipa kalamu aliyoitoa mfukoni mwa koti, akaweka kidole penye pengo. "Andika hapa kuwa ng'ombe walionekana. Si kweli walionekana?"

Nikamwambia ni kweli, ila mimi siwezi kuandika katika karatasi ya serikali.

Alinitazama kwa muda. Kisha akairudisha kalamu mfukoni, akaikunja karatasi mara nne, na basi lilipokuja akapanda mbele yangu.