Kanisa na Magugu Yake

Wako watu wasemao, "Nitakwendaje kanisani, nami namjua mzee yule aliyekula sadaka?" Neno hili si dogo, maana sadaka ile ilikuwa jasho la wajane. Yatupasa kulijibu.

Sisi watu wa Iringa tusidhani ya kuwa Kanisa lilitujia bila waa. Mwaka 1891 wamisionari wa Berlin walifika Nyasa, na baadaye Neno likaenea Ubena na Uhehe. Mwaka huo huo wa 1891 Mkwawa alipigana na askari wa Wajerumani huko Lugalo. Injili na bunduki zilitoka nchi moja. Tena katika vita ya 1914 hata 1918 Wakristo wa Ulaya waliuana katika nchi yetu, na wamisionari wakaondolewa. Hata hivyo Neno halikufa. Walimu wenyeji waliyashika makusanyiko.

Ungamo la Augsburg la mwaka 1530 lafundisha ya kuwa Neno na Sakramenti zina nguvu kwa ajili ya agizo la Kristo, hata zikitolewa na waovu. Barua ya mfalme haibatiliki kwa kuwa tarishi ni mlevi.

Je, tunyamaze basi? Hasha! Mwizi wa sadaka na aonywe, arudishe, wala asishike mfuko tena. Bwana alikataza kung'oa magugu kabla ya mavuno. Hakutuagiza kuyaita ngano.

Ndugu, mwizi yule amekwisha kutwaa fedha zetu. Tusimwachie na Meza ya Bwana.