Sindano ya Kuondoa Makunyanzi

Tumeletewa swali na bibi mmoja wa Rapsu, kijiji cha Waborana katika nchi ya Isiolo. Ni mbali na pwani yetu, walakini jambo lenyewe latuhusu sana sisi watu wa miji. Bibi huyu ni mjane, naye ameposwa na mtu wa Mombasa ambaye hajapata kumwona ila kwa picha, na picha hiyo ni ya miaka iliyopita. Kazi ya shamba katika jua kali imemkunja paji la uso. Binti yake aliyeko Uarabuni amejitolea kumlipia sindano ya kuondoa makunyanzi kabla mposaji hajafika. Auliza: je, yafaa? Na ikiwa yafaa, ajitayarishe vipi, na baadaye ajitunze vipi?

Kwanza tuijue dawa yenyewe. Wengi huiita Botox, nalo ni jina la aina moja tu katika aina zake. Asili yake ni sumu itolewayo na vijidudu vikaavyo udongoni. Katika miaka ya 1820 tabibu wa Kijerumani, Justinus Kerner, aliandika habari za watu waliopooza na kufa kwa kula soseji zilizoharibika. Sumu ni hiyo hiyo. Labda hapo ndipo ulipotoka uvumi kuwa dawa hii ni nguruwe, na uvumi huo si hoja. Mwaka 1989 Marekani iliiruhusu kutibu makengeza na kope zijifumbazo zenyewe, na mwaka 2002 ikairuhusu kwa mikunjo iliyo baina ya nyusi. Kiasi kidogo mno hulegeza misuli, ngozi isikunjike. Athari yake huanza kuonekana baada ya siku chache, hutimia kwa muda wa wiki mbili hivi, na baada ya miezi mitatu au minne hwondoka, uso ukarudi ulivyokuwa.

Kujitibu hakuna ubishi. Sahaba Arfaja alikatwa pua vitani, akatia pua ya fedha ikanuka, na Mtume (S.A.W.) akamruhusu atie ya dhahabu. Mwenye maradhi ya kope au shingo basi asisite. Ubishi uko katika kujipamba. Wanavyuoni wa zama zetu wamehitilafiana: mwaka 2006 baraza la fatwa la Malaysia lilikataza kujipamba kwa sindano hii, na wengine wameruhusu kwa sharti pasiwe na madhara wala udanganyifu. Hao walioruhusu husema kuwa si kubadili umbile la Mwenyezi Mungu, kwani hupita kama hina ipitavyo. Kwetu sisi kiasi hicho si sawa. Hina kila mtu huiona akajua ni hina. Sindano hii yatakiwa isijulikane kabisa, na hiyo ndiyo thamani yake.

Tuwaulize wafugaji, maana hao wa Isiolo wajua ngamia kuliko sisi. Mwaka 2018, katika mashindano ya uzuri wa ngamia ya Mfalme Abdulaziz huko Saudia, ngamia kumi na wawili waliondolewa kwa kuwa wenyewe waliwadunga dawa hii. Na mwaka 2021 wakaondolewa zaidi ya arubaini. Ikiwa ghushi yamtoa ngamia mashindanoni, itakuwaje katika akdi ya ndoa? Mtume aliutia mkono katika fungu la nafaka, vidole vikapata maji chini, akamkemea mwuzaji aliyeficha yaliyolowa. Na mposaji ameamrishwa atazame kabla ya kuoa ili ajue anachokikubali. Bibi huyu akificha, mwezi wa nne mume ataona mwenyewe, naye atakuwa amekwisha kuhama kwao.

Basi jawabu letu ni kuwa asidunge kwa ajili ya mposaji, bali apeleke picha mpya. Lakini hatutamwachia yeye peke yake lawama. Ni nani aliyemtia hofu hii? Tunawaona mijini kwetu wazee wa miaka sitini, ndevu zimepakwa piko hata zang'aa, nao wauliza kwanza, "Ana umri gani?" Kutia weusi katika mvi kumekatazwa kwa hadithi iliyo mashuhuri, na hatujasikia posa iliyovunjika kwa ajili yake. Mposaji huyu naye apeleke picha yake, na ndevu zake kama zilivyo.

Ama yule atakayedungwa kwa tiba, au aliyefuata kauli ya walioruhusu, kuhifadhi mwili ni wajibu juu yake. Amwendee daktari mwenye leseni, wala si msusi wala mchuuzi. Dawa hii huhifadhiwa kwa baridi, na iliyobebwa mkobani katika joto la Isiolo haiaminiki. Amweleze daktari kweli yote: mimba, kunyonyesha, maradhi ya udhaifu wa misuli, na dawa azitumiazo, hasa za kuzuia damu kuganda, wala asiache dawa yoyote kwa rai yake. Akishadungwa, madaktari wengi huusia asilale wala asiiname kwa muda wa saa nne, asisugue mahali hapo, na asifanye kazi nzito siku hiyo. Basi na adungwe saa mbili asubuhi, ili adhuhuri imkute muda umepita na asujudu bila wasiwasi. Na katika udhu apitishe maji usoni polepole. Wekundu kidogo na maumivu ya kichwa hupita. Lakini akiona shida ya kumeza, kusema au kuvuta pumzi, hata zikiwa zimepita siku nyingi, aende hospitali saa hiyo hiyo, asingoje kupambazuke.