Imani, Mahaba na Hofu katika Riwaya

Kitabu hupimwa kwa mizani mbili: kwa kusudi lake, na kwa njia ya kulifikia kusudi hilo. Njia mbaya yaweza kuharibu kusudi jema, kama chombo kichafu kiharibuvyo maji safi. Mizani hii yahitajiwa hasa kwa aina ya hadithi iliyoenea Marekani tangu miaka ya mwisho ya karne ya 20: riwaya ya mahaba na taharuki iliyotungwa ili kumwelekeza msomaji katika imani ya Kikristo. Mahaba humvuta msomaji, hofu humshika, na imani humngoja mwishoni. Swali ni hili: je, imani iliyoletwa na wajumbe wawili hao ni imani, au ni malipo?

Mfano mzuri ni The Negotiator, riwaya ya Dee Henderson iliyotolewa mwaka 2000. Kate O'Malley ni askari polisi wa Chicago ambaye kazi yake ni kusema na watu walioshika mateka. Ni mmoja wa mayatima saba waliokubaliana kuwa ndugu na kutwaa jina moja la ukoo. Katika benki aliyoingia mtu mwenye bomu, Kate akutana na Dave Richman, mpelelezi wa FBI, aliye miongoni mwa mateka. Mapenzi yazaliwa kati yao. Walakini Dave ni Mkristo, Kate haamini, na Dave ashika mafundisho ya Paulo kwa Wakorintho yanayomkataza mwamini kufungwa nira moja na asiyeamini. Baadaye ndege yalipuliwa, hatari yamkaribia Kate mwenyewe, na kabla ya kitabu kwisha Kate aamini.

Sifa za kitabu hiki si haba. Ya kwanza ni kwamba mwanamke wake si pambo. Ana kazi, ana akili, na ujasiri wake haukukopwa kwa mwanamume. Ya pili ni kwamba dhamiri ya Dave ina gharama. Hadithi nyingi za mahaba huweka vizuizi vya nje: baba mkali, umaskini, au umbali wa safari. Hapa kizuizi kimo moyoni mwa mpenzi mwenyewe, naye angeweza kukiondoa wakati wowote kwa kuisaliti nafsi yake. Mtu ajizuiaye hali mlango u wazi hufundisha zaidi kuliko aliyefungiwa nje. Ya tatu ni swali la Kate. Amewaona waovu kwa macho yake, na kazi yake ni kuitumikia haki. Aambiwapo kuwa Mungu ni wa haki na papo hapo humsamehe mhalifu, hana budi kuuliza haki ya aliyedhulumiwa imekwenda wapi. Hili si swali la mtoto. Na kando ya mabomu yuko ndugu yake Jennifer, daktari wa watoto, mwenye saratani. Hofu yake haina mhalifu wa kukamatwa, na silaha ya Kate haiwezi kumlinda.

Lakini ila za kitabu zatoka pale pale zitokapo sifa zake. Taharuki yataka msomaji asijue mwisho. Juu ya bomu hajui. Juu ya roho ya Kate ajua tangu mwanzo, maana desturi ya riwaya hizi ni kwamba mpenzi asiyeamini sharti aamini kabla ya ndoa. Hivyo swali kubwa kuliko yote laulizwa na mtu ambaye jibu lake limekwisha andikwa. Ila ya pili ni nzito zaidi: imani yamfungulia Kate mlango wa ndoa. Tuzo na ukweli vikaliapo kiti kimoja, ni vigumu hata kwa mwenye moyo kujua alikuwa akikiendea kipi.

Yumkini mtetezi atajibu kwamba katika maisha wengi huamini kwa njia hiyo hiyo: mmoja kando ya kitanda cha mgonjwa, mwingine kwa mfano wa mchumba. Jibu hili ni la haki. Chemchemi haiachi kuwa safi kwa sababu aliyeiona alikuwa akimtafuta mbuzi aliyepotea. Kosa, basi, si kuchanganya mahaba na imani. Kosa ni kutoujaribu mchanganyiko huo. Dhahabu haihukumiwi kwa rangi. Huhukumiwa kwa moto.

Jaribio hilo laonekana katika Jane Eyre, riwaya ya Charlotte Brontë, binti wa kasisi wa Kanisa la Uingereza, iliyotolewa London mwaka 1847. Nayo ina mahaba, siri na hofu ya usiku. Jane agunduapo kwamba Rochester ana mke aliye hai, aondoka na shilingi 20 tu, hana ahadi ya kurudi, akalala nje na kuona njaa. Baadaye kasisi St. John Rivers amposa kwa jina la kazi ya Mungu. Amkataa yeye pia, kwa kuwa hawapendani. Ni kweli kwamba mwishowe Jane aolewa na ampendaye. Tofauti ni kwamba dhamiri yake ilikwisha lipa kabla tuzo haijaonekana, na dini yake haikuwa mahari.

Henderson alimpa Dave nafasi ya kulipa, asimpe Kate. Mtungaji aiheshimuye imani hana budi kuuheshimu uwezo wa mtu kuikataa, maana ndiyo isiyoweza kuwa hapana haina uzito wa ndiyo.