Ndugu Aliyerudi Nyumbani kwa Filemoni

Wako watu wasemao ya kuwa utu mpya wa Mkristo ni jambo la moyoni, kati yake na Mungu wake, wala jirani hana haki ya kuuliza habari zake. Neno hili lina kweli ndani yake, maana ni nani awezaye kuona moyo wa mwenziwe? Walakini limepunguka. Mtu si mbuyu uliosimama peke yake mbugani. Ni mume wa huyu, mwana wa yule, anamwia mmoja na kuwiwa na mwingine. Basi ikiwa yeye amegeuka, na kamba hizi zote zimfungazo na watu zimebaki vile vile, tutasema ni kitu gani kilichogeuka?

Katika Agano Jipya mna waraka mfupi, aya 25 tu, ambao wasomaji wengi huupita upesi wakienda kwa Waebrania. Mtakatifu Paulo aliuandika kifungoni, akampelekea Filemoni. Onesimo, mtumwa wa Filemoni, alikuwa ametengana na bwana wake; akamfikia Paulo, akaamini, na sasa anarudishwa. Jina la Onesimo maana yake ni mwenye kufaa, nalo lilikuwa jina la watumwa wengi siku zile, kama pwani yetu walivyoitwa Faraji na Mabruki. Paulo hakulibadili. (Sisi twapenda sana majina mapya, na wako waliobatizwa ambao jina ndilo peke yake lililobatizwa.) Aliliacha jina lile lile, akataka kitu kizito zaidi: Filemoni amkaribishe kama ndugu, kwa mapokezi yale ambayo angempa Paulo mwenyewe.

Hebu tuifikiri jioni ile. Onesimo apiga hodi. Atalala wapi, penye watumwa au penye wageni? Chakula kikiwa tayari, atakileta yeye au ataletewa? Filemoni angeweza kusema, “Nimekusamehe kwa moyo wangu wote, sasa ufagio wako ule pale.” Maneno hayo yangekuwa ya kweli, na hata hivyo ombi la Paulo lingekuwa limekataliwa. Tena haikuwa kazi ndogo. Watumwa wengine wa nyumba ile, kama walikuwako, wangeuliza, “Na sisi je?” Majirani wangesema ya kuwa mtoro amezawadiwa. Wala Paulo hakumwandikia Filemoni peke yake, ila na kanisa lililokutana nyumbani mwake, hata kila mtu akajua aliloombwa. Naona alifanya hivyo kwa akili. Msamaha wa siri ni rahisi kuusahau, lakini kiti kilichowekwa mbele ya watu chaonekana, na kisipowekwa, hilo nalo laonekana.

Huko Marekani, kabla utumwa haujakomeshwa mwaka 1865, wako wahubiri walioutumia waraka huu kuonyesha ya kuwa mtoro sharti arudishwe. Walisoma safari ya kurudi, hawakusoma mapokezi.

Liko na neno la deni. Kama Onesimo amemdhulumu bwana wake, au anawiwa kitu, Paulo ataka kiandikwe juu yake yeye, naye atalipa. Na hayo aliyaandika kwa mkono wake mwenyewe. Angalieni, hasemi ya kuwa deni limekufa kwa sababu mtu ameamini. Wako miongoni mwetu ambao wakidaiwa husema, “Hayo ni ya zamani, mimi sasa ni mtu mpya.” Utu mpya wa namna hiyo una faida kubwa kwa mwenye nao, lakini yule ambaye mbuzi wake aliliwa haoni upya wo wote.

Watu wa pwani yetu waliyaona mambo haya kwa macho. Huko Rabai, karibu na Mombasa, watoro wengi walikuwa wamekimbilia misheni, na mabwana wao wakawadai. Tarehe 1 Januari 1889 zaidi ya watu 1,000 walipewa hati za uhuru, na mabwana wao wakalipwa fidia. Lakini sheria ilikwenda polepole. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na utumwa wenyewe haukuondolewa katika sheria ila mwaka 1897. Pwani ya Kenya mwaka 1907, na Tanganyika mwaka 1922. Katika miaka hiyo yote Mkristo hakuhitaji kungoja tangazo la serikali ili amwite jirani yake mtumwa ndugu, na kumketisha mkekani pake. Wala hati ilipotolewa haikuweza kufanya yote. Mtu huru kwa karatasi aliweza kuambiwa, alipokuja kuposa, “Lakini babu yako alinunuliwa.” Neno hilo serikali haiwezi kulifuta. Waweza kulifuta baba na mama wa binti.

Siku hizi hakuna soko la watu kwetu, lakini nyumba nyingi za Wakristo zina msichana wa kazi aliyetoka kijiji cha mbali. Jumapili yeye na mama mwenye nyumba hushiriki Meza moja ya Bwana. Jumatatu kikombe chake kiko peke yake nyuma ya mlango wa jiko, wala hakuna mwingine akinyweaye. Hula baada ya wote. Mshahara wake huambiwa ungoje mwezi ujao, maana “yeye ni kama mwanetu.” Neno hilo la “kama mwanetu” lachunguzwe sana, kwa kuwa wana wetu twawapeleka shule.

Waraka hautuambii Filemoni alifanyaje. Lakini karibu na mwisho wake Paulo amwomba amtengenezee mahali pa kukaa, kwa kuwa atumaini kufunguliwa na kuja. Basi Filemoni, akikitayarisha chumba kile, bila shaka alijua ya kuwa mgeni wake akifika atatazama Onesimo analala wapi.