Mkono Uliotangulia Nia

Mtu mzima anayeropoka kikaoni au kuondoa pikipiki kabla abiria hajakaa vizuri, Buwenge katika Busoga kama kwingine, hupewa hukumu ya papo hapo: hana adabu. Msikitini atahimizwa kusubiri, kanisani ataombewa. Lakini je, ana dhambi kiasi gani ikiwa ana ADHD, hali ya ubongo inayovuruga umakini na kuzidisha pupa, ambayo kwa wengi haiishi na utoto? Kuna kipimo kinachosaidia kujibu. Mtu hukaa mbele ya kompyuta. Mshale ukitokea, abonyeze kitufe. Mara mojamoja hulia mlio, naye anatakiwa auzuie mkono uliokwishaanza safari. Mwaka 1984 wanasaikolojia Logan na Cowan walilieleza jaribio hilo kuwa mbio za amri mbili, ya kutenda na ya kuacha. Kwa watu wazima wengi amri ya kuacha huchukua kama robo sekunde. Kwa wenye ADHD, kwa wastani, hukawia zaidi, na tafiti nyingi za picha za ubongo zimeona sehemu ya mbele upande wa kulia, inayoshiriki kuzuia mwendo, ikifanya kazi hafifu. Kutaka kuacha wanataka. Amri ndiyo inayochelewa.

Basi kila mwizi atausingizia ubongo? Hapana. Wizi uliopangwa tangu jioni hauhusiani na robo sekunde, na wastani wa kundi haumtii hatiani wala haumsafishi mtu mmoja. Fiqhi, elimu ya sheria ya Kiislamu, humwondolea lawama mtoto, aliyelala na mwendawazimu. Mwenye ADHD si yeyote kati ya hao, akili yake ni timamu. Ila fiqhi hiyohiyo huupima wajibu kwa uwezo, na Paulo mwenyewe, akiwaandikia Warumi, alikiri kutenda asilolitaka. Kwa maoni yangu wajibu haufutiki, unasogea nyuma. Bodaboda anayeijua pupa yake hulaumiwa kwa kulisogelea mno lori la miwa kwenye barabara ya Jinja–Kamuli, wakati bado alikuwa na nafasi ya kuchagua, kuliko kwa mkono uliomponyoka dakika ya mwisho.

Masheikh na wachungaji wa Busoga, kabla ya kumkemea mtu mzima kwa sababu ya pupa yake, muulizeni alikuwaje shuleni. Madaktari hutaka dalili ziwe zilionekana kabla ya miaka 12. Akisema ndivyo alivyokuwa tangu hapo, mwelekezeni hospitali, kisha mwombeeni.