Hedifoni Ipi Iuzwe?

Ninazo hedifoni mbili na kodi ya nyumba imefika. Moja lazima iuzwe. Wajuzi watasema nibaki na Sennheiser HD 600, iliyotoka mwaka 1997, kwa sababu ni aminifu: haiongezi wala haipunguzi. Kweli. Nikisikiliza santuri ambazo Siti binti Saad alirekodi Bombay mwaka 1928, inaniletea kila mkwaruzo. Ile nyingine, ya besi nzito, hufifisha sauti za juu. Mikwaruzo hupungua, Siti akasogea karibu.

Basi uaminifu ni kwa nani? Mikwaruzo ni ya santuri; siku ile Bombay hakuna aliyeisikia. Anayeifuta huenda ndiye anayemtendea Siti haki. Ila hedifoni ya besi haimjui Siti. Inakata mkwaruzo na ukali wa fidla kwa kisu kimoja, nami nafurahi nikidhani nimesikia yote. (Bibi yangu alikuwa hodari wa kutuficha mambo ili tule kwa amani, lakini yeye alijua anachoficha.) Mkwaruzo, baada ya nyimbo mbili tatu, sikio huuzoea. Fidla iliyokatwa hakuna sikio la kuirudisha.

Nimeshaipiga picha ile ya besi. Kwenye tangazo nimeandika na kinachopotea humo, ingawa bei itashuka.