Usiache Mbachao kwa Msala Upitao

Mvua ya mawe ilitukuta sote nyumbani, Jumapili moja ya mwezi wa tatu, masika yakiwa ndiyo kwanza yanaanza. Zilidondoka punje mbili tatu juu ya bati, kisha mtaa wetu mzima wa Batsinda ukawa kelele moja, mimi na mke wangu tukawa tunasemezana kwa ishara. Ilipotulia, ua ulikuwa mweupe na majani ya mgomba yamechanika nyuzi nyuzi. Mwanangu wa miaka saba alitoka mbio na bakuli la plastiki, akazoa mawe makubwa kama punje za maharage, akashikilia kwamba lazima tumpigie shangazi yake Ottawa.

"Shangazi, na sisi tuna theluji!"

Kwa Kinyarwanda hakukosea. Urubura ni mvua ya mawe, na theluji nayo huitwa urubura. Dada yangu alicheka, akageuza simu dirishani. Nje kwake kila kitu kilikuwa kimefunikwa, magari yamebaki vichuguu tu. Ndani kuna joto, amevaa fulana, kikombe mkononi. Nikayatazama yale madirisha makubwa, nikatazama juu kwangu ambapo bati limeanza kuvuja kwenye kona ya sebule, na moyo ukanitoka kidogo. Lakini yeye ndiye aliyetangulia kusema: "Kaka, wewe una ua. Mimi sijakanyaga udongo tangu Novemba."

Nilipokata simu nikaikumbuka methali aliyopenda kuitaja marehemu mama: usiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha ni mkeka uliochakaa, msala ni mkeka wa kusalia. Wengi huishia hapo: shika chako kikuukuu, achana na kipya cha mwenzio. Maana hiyo ni sahihi, ila ni fupi. Tazama jinsi methali ilivyosukwa. Mbachao ni mbacha wako, na ule mkato siku hizi tunausikia zaidi kwa watu tunaohusiana nao: mwanao, mkeo, mwenzio. Mkeka mkuukuu umeingizwa katika ukoo. Msala, kwa upande wake, hautajwi ni wa nani wala unakwenda wapi. Unapita tu. Hakuna aliyekuambia karibu, keti.

Kisha kuna jambo ambalo nilichelewa kuliona. Kila mbacha uliwahi kuwa msala mpya.

Wangu ni mkeka wa ukindu aliokuwa akisalia mama, kule Biryogo tulikokulia na Kiswahili chetu, miaka mingi kabla ya mwaka 2017 kilipofanywa lugha rasmi ya Rwanda. Rangi ya zambarau imebaki pembeni tu. Katikati ukili umelegea mahali pawili, magoti yanapotua, na mbele kidogo pamelainika kama ngozi, paji la uso linapogusa. Hakuna aliyepachimba pale kwa kisu. Ni sala tano kila siku, za mama kwanza na zangu baadaye. Ukisema mkeka huu umechakaa, umetaja idadi ya sala zake. Ndiyo maana naamini methali hii inazungumzia shukrani ya aina ya pekee, ile ya kujua kitu kimechakaa kwa ajili gani. Msala upitao ni mzuri kwa sababu bado hakuna aliyeulilia.

Nayasema haya kwa kuwa yalinifika. Miaka kadhaa nyuma nusura niuze nyumba hii. Alikuja mtu na ahadi ya karatasi za kwenda Kanada, anataka pesa zote mkononi kabla ya mwisho wa mwezi. Mnunuzi nilishampata. Mke wangu hakubishana nami. Aliutoa mkeka wa mama chumbani, akautandika sebuleni, akaniambia niswali kwanza, kisha tukaongee na huyo mtu. Niliswali. Siku tatu baadaye simu ya yule bwana haikupatikana tena, na haijapatikana hadi leo. Msala ulikuwa umepita.

Lakini methali hii imetumiwa vibaya pia, hasa na wenye misala mipya wanapowaambia wenye mibacha waridhike. Hapa Batsinda hoja hiyo ina uzito. Nyumba 250 za kwanza za mtaa huu zilijengwa kwa ajili ya familia zilizohamishwa mwaka 2008 kutoka Kiyovu ya chini, katikati ya jiji, mahali palipoitwa Kiyovu cy'abakene, Kiyovu ya maskini. Bibi mmoja, jirani yangu, alikuja na msafara ule. Yeye hakuacha mbacha wake. Ulikunjwa akiwa bado ameukalia. Kule alishuka sokoni kwa miguu, huku kila safari ya mjini ni nauli. Kumsomea bibi yule methali hii ni kumkosea adabu. "Usiache" huambiwa mwenye hiari. Na hata mwenye hiari hakukatazwa kusuka mkeka mpya, wala kudai haki yake, wala kuziba bati linalovuja. Si ndiyo maana tunasema kushukuru ni kuomba tena?

Mawe yalipoyeyuka nilipita kumjulia hali. Nilimkuta ameinama chini ya mmea wake wa marakuja, uliotambaa ukuta mzima, anaokota matunda mabichi yaliyopukutishwa. Nikampa pole. Akanijibu kwa msemo wa Kinyarwanda, Imana yirirwa ahandi igataha i Rwanda: Mungu hushinda kwingine, akarudi kulala Rwanda. Ni msemo mzito kwa mtu wa umri wake. Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, mwaka 1994, wako waliouliza Mungu alilala wapi siku zile. Bibi anajua swali hilo kuliko mimi, na bado anausema. Huo ndio mbacha wake, aliokuja nao kutoka Kiyovu, usioingia kwenye lori. Yale marakuja machache yaliyokwisha kuiva aliyagawa mafungu matatu, fungu moja akanipa niwapelekee watoto.

Nilirudi nyumbani alasiri imeingia. Mimi, tofauti na dada, sijawahi kushika theluji. Weupe wake wa karibu nasi ni ule unaoonekana nyakati nyingine juu ya Karisimbi, mlima wa mita 4,507 uliopata jina kutokana na isimbi, simbi nyeupe. Hata hivyo nimeitaja tangu utotoni, kwa kuwa katika dua ya kufungulia sala Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akiomba aoshwe makosa yake kwa maji, theluji na mvua ya mawe. Mama alitufundisha dua hiyo mimi na dada yangu, tumekaa juu ya mkeka huu huu. Siku ile dada alikuwa na theluji, mimi nina mawe, na maji tunayo sote.

Bakuli la mwanangu lilikuwa limegeuka maji, vipande viwili vya barafu bado vinaelea. Nikamwomba animiminie nitie udhu. "Yanauma, baba?" akauliza. Nikamwambia ni ya baridi mno. Akamimina polepole hadi tone la mwisho, kisha akakimbia chumbani kuuleta mkeka, akautandika mbali na kona inayovuja, ule upande laini ukielekea kibla.